Kaka, Tuliwaambia Vijana Wako Umesafiri

Mwaka mmoja umetimia sasa tangu ulipofumba macho, Kaka, katika chumba cha nyuma ulimokuwa umelala kwa miezi bila hata jirani mmoja kujua. Familia imenipa mimi, dada yako, kazi ya kuandika maneno haya kwa niaba ya wote. Wamesema nina mdomo, basi niutumie. Hawakukumbuka kwamba mdomo huo ndio wenye kesi.

Tungependa kukuandikia kama watu wanavyowaandikia marehemu wao: kwamba ulikuwa nguzo, kwamba pengo lako halizibiki. Yote hayo ni kweli. Lakini kitindamimba wako, ambaye nyumba nzima tunamwita Kitinda, aliacha kuomba tangu siku tulipokuzika, na waliomfikisha hapo ni sisi. Hatuwezi kukukumbuka leo halafu tuliruke hilo.

Kwa wasomaji ambao hawakukufahamu, ulikuwa kinyozi. Duka lako lilikuwa kati ya muuza vipuri vya baiskeli na fundi wa kuchomelea, na kelele za huyo mchomeleaji zilikulazimisha useme kwa sauti hata mambo ya siri. Kulikuwa na viti viwili, kimoja kinazunguka na kingine kimegoma. Ukutani palikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, mashine zikining'inia kwenye misumari, chupa ya spiriti na brashi ya kufutia shingo iliyokwisha manyoya. Ulifagia sakafu baada ya kila kichwa. Ulisema mteja asikanyage nywele za mwenzake, na wewe ukisema jambo la usafi hakuna wa kubishana nawe.

Jumamosi mchana ilikuwa ya vijana wa kanisa, wavulana kwa wasichana, waliokuja kunyolewa tayari kwa shule. Hukuomba kuwa mlezi wao. Kanisa lilikupa cheo hicho baadaye, lilipoona kipindi cha vijana ukumbini kina watu wa kuhesabika, na dukani kwako hawaenei mpaka wengine wanakalia makopo ya rangi ya mchomeleaji. Walikuita Anko, hata wale ambao hawakuwa na nywele za kunyoa.

Ulikuwa na ujanja wako. Ulianza kunyoa kama kawaida, ukizungumza habari za mpira, na ukifika katikati ya kichwa unazima mashine na kuuliza nyumbani kukoje. Kijana akijibu kwamba kuzuri tu, unasubiri. Nusu ya kichwa ina nywele na nusu inang'aa, ataenda wapi? Mwishowe anasema. Baba amehama nyumbani. Mtihani umemshinda. Wenzake shuleni hawakai naye. Mmoja alikuambia haoni sababu ya kuamka asubuhi, na siku hiyo hukunyoa mtu mwingine tena. Hukuwahubiria. Uliwaambia tu, "Hayo uliyoniambia mimi, mwambie na Mungu. Hivyo hivyo yalivyo, usiyapige pasi."

Na sheria ya duka ilikuwa moja: marufuku kumwambia Mungu uongo. Kuna kijana aliomba akishukuru kwa matokeo mazuri ya mtihani. Ukamgusa bega ukamwambia arudie, kwa sababu dada yake alikwishapita hapo asubuhi na habari kamili. Walicheka mpaka mchomeleaji akaja kuchungulia. Kijana akarudia: amefeli, anaona haya, anaogopa kurudi nyumbani. Ukaitikia Amina, ukamalizia kichwa chake, kisha ukafunga duka na kumsindikiza mpaka kwao. Baba yake alikuwa mtu mkali, lakini mbele yako alijikuta anauliza kama mtoto amekula.

Uliwaambia kwamba hata Bwana mwenyewe aliomba huku jasho linamtoka, wala hakusema yuko salama. Uliwaambia kwamba asiye na maneno akae tu kimya mbele za Mungu, maana mtoto mgonjwa hahitaji kutoa hotuba ndipo mama yake ambebe. Aliyelalamika kwamba ameomba na hajajibiwa, ulimwambia aende akalalamike huko huko alikoomba, asiende kulalamika kwa jirani. Wako vijana ambao leo ni watu wazima wenye nyumba zao, na wakibanwa na jambo bado wanasema ngoja kwanza nikalalamike.

Sisi wa nyumbani, tuseme ukweli, tulikuonea haya. Siku uliyopewa maombi ya kufungua ibada ukamwambia Mungu kwamba leo hukuja kwa furaha, jino limekunyima usingizi na umemfokea mkeo njiani, nilitazama viatu vyangu mpaka ibada ikaisha. Wifi yangu alinikanyaga mguu akidhani nacheka. Sikuwa nacheka, Kaka. Nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Mimi ni mtu wa kikundi cha akina mama, ambako mtu anayeomba hujulikana kwa urefu wa maneno yake, na niliona unatushusha.

Kisha ukaugua. Ulianza na mgongo, tukasema ni kusimama kutwa nzima. Daktari alipoona uvimbe tumboni alituita pembeni, na baada ya vipimo akatushauri tukurudishe nyumbani tukutunze vizuri. Ulilia mbele yetu bila kujificha. Kesho yake uliniita ukiwa umetulia kabisa, ukaniagiza.

"Dada, waite vijana. Waambie ninaogopa. Waje tuombe."

Sikuwaita. Nilikaa jikoni na wifi na mwanao mkubwa, huyu fundi bomba, tukashauriana kama watu wenye akili zao. Tulisema hawa ni watoto na imani yao bado changa. Mtu aliyewafundisha kuomba, wakimkuta amekonda hivi, anaogopa, hajaponywa, si wataona kuomba hakuna faida? Hayo ndiyo tuliyoyasema kwa midomo. Moyoni kulikuwa na jingine. Tuliogopa kusemwa. Nilikwisha kuwasikia watu wakisema kinyozi wa maombi ameshindwa kujiombea mwenyewe, kabla hata mtu mmoja hajalisema.

Wazo la safari lilikuwa langu. Nilisema tuwaambie umekwenda kumwona ndugu wa mbali na hujui utarudi lini. Wifi aliinama akaendelea kuchambua mchele, na katika nyumba yetu mtu akichambua mchele bila kusema, amekubali. Mwanao akaenda kufunga duka na kubandika karatasi mlangoni: Fundi amesafiri. Dirisha la chumba chako tukaliwekea pazia zito.

Aliyebaki ni Kitinda, kwa sababu yeye ni mmoja wa vijana hao na wangemuuliza. Alikataa. Alisema Baba hataki hivyo, Baba amewaita. Nikamwuliza kama anataka wenzake waache kumwamini Mungu kwa sababu yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano, Kaka, na mimi shangazi yake nikambebesha imani ya kanisa zima. Aliguna, akaenda kuvaa viatu.

Nilimsindikiza Jumamosi iliyofuata ili nihakikishe hatateleza. Walikutana ukumbini kwa kuwa duka limefungwa. Mwenyekiti wao, yule binti wa mwoka mikate, aliuliza habari zako. Kitinda akasimama akasema Baba amesafiri, hajambo, anawasalimu. Alisema hayo akitazama dirishani. Basi wakasema wamwombee Anko.

Walikuombea, Kaka. Waliomba dereva asisinzie. Waliomba mzigo wako usipotee, upate kiti cha dirishani kwa kuwa unapenda hewa, na mwenyeji wako awe mtu wa subira maana unaongea sana asubuhi. Mmoja aliomba usije ukanyolewa na kinyozi wa huko akakuharibu kichwa, wakacheka huku wamefumba macho. Kila mmoja alisema lake kama ulivyowafundisha, bila kupamba, na yote yalikuwa juu ya uongo wetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma. Walipomaliza nikasema Amina.

Waliomba hivyo kila Jumamosi mpaka ulipokufa. Walipoona umekawia walianza kuomba usiugue ugenini.

Nawe kila nikirudi uliniuliza vijana wanasemaje. Nilikujibu kwamba wanakuombea, na uso wako uling'aa. Ukataka kujua wanaomba nini hasa, nami nikajaza ya kwangu: wanaomba upate nguvu, wanaomba maumivu yapungue. Ukauliza mbona hawaji. Nikakwambia labda wanajiandaa. Ukafikiri kidogo, ukasema usiwasukume, Dada, ni watoto, kumwona mtu anayekufa si jambo jepesi. Tangu siku hiyo ukawa unawaombea. Uliomba wasiogope kuja, na kwamba wasijilaumu wakichelewa.

Kitinda alikuwepo, anakunywesha maji kwa kijiko. Alinitazama akingoja niseme neno. Mimi nikaanza kukunja shuka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kilituumbua. Vijana wako walisikia sauti ya wifi asubuhi uliyofariki wakaja mbio, wengine na sare za shule, wakidhani ni ajali ya njiani. Walikuta ndugu wanawasimulia majirani ulivyougua kwa miezi. Binti wa mwoka mikate alinifuata nilipokuwa napanga viti uani. Hakuinua sauti.

"Shangazi, zile Jumamosi zote tulikuwa tunamwombea nani?"

Nilimwambia anisaidie kupanga viti. Hilo ndilo jibu nililompa, mimi mwenye mdomo. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akanisaidia mpaka viti vikaisha.

Baada ya mazishi kundi lako lilisambaratika. Wengine hawaonekani tena kanisani, wengine huja kwa kuwaogopa mama zao na kukaa karibu na mlango. Tulisema tunailinda imani yao, na tukaiharibu kwa mikono yetu. Kama tungewaacha waje, wangekuona umekonda, wangekusikia ukisema unaogopa, wangelia nawe, na wangejua namna mtu anavyoomba wakati jibu halionekani. Ulikuwa na somo moja lililobaki kuwafundisha, na sisi tukaweka pazia.

Na Kitinda akanyamaza. Mezani ikifika zamu yake ya kuombea chakula, husema tu, "Nipite." Wifi alilia mbele yake, haikusaidia. Mchungaji alikuja akaongea naye vizuri, naye akamjibu vizuri, na hali ikabaki palepale. Mimi nilimpelekea methali kapu zima. Nilimwambia Mungu anasamehe, asimkasirikie. Ndipo akanijibu.

"Shangazi, mimi sina ugomvi na Mungu. Nikifumba macho naisikia sauti yangu inasema Baba hajambo. Nikimwambia kitu kingine, ataniaminije?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona sare za watu siku nzima bila kuwasha redio. Niliogopa, Kaka. Mtoto wa mtu aliyewafundisha wenzake wote kuomba atakuwa mtu mzima asiyeweza kufungua kinywa mbele za Mungu, na kinywa hicho nilikifunga mimi. Nilikuwa tayari kumwomba msamaha, na nilimwomba. Alisema sawa. Lakini sawa ya kijana unaijua mwenyewe.

Juzijuzi nikakaa kuandika kumbukumbu hii kwa mara ya kwanza. Niliandika kwamba ulitutoka kwa amani, ukiwa umezungukwa na wote uliowapenda. Kitinda alipita nyuma yangu akasoma. Aliuliza neno moja tu, kwa upole, na upole huo ulinimaliza kuliko tusi.

"Wote?"

Niliichana karatasi. Nikavaa kanga yangu ya kutokea, nikaenda nyumba kwa nyumba kwa vijana wako, mwenyewe kwa miguu yangu, kuwaomba waje dukani Jumamosi. Nyumba nyingine sikukaribishwa ndani, na sikustahili. Mwanao alilifungua duka, wifi akafagia, mchomeleaji akazima mitambo yake bila kuombwa. Walikuja baadhi. Hakuna aliyekalia viti vyako, walisimama ukutani wamekunja mikono.

Niliwaambia yote. Niliwaambia ulisema unaogopa, ukaniagiza niwaite, nikakataa kwa kuogopa midomo ya watu. Niliwaambia ulikufa ukidhani wameogopa kuja, na kwamba uliwaombea wasijilaumu. Hapo mmoja aliketi sakafuni akajifunika uso. Binti wa mwoka mikate alitoka nje, akakaa huko kitambo, akarudi macho mekundu. Nilikuwa nangoja wanitukane, ningepumua. Hawakunitukana.

Nikamwomba binti huyo, kama mwenyekiti wao, atuongoze kwa sala. Akasema, "Omba wewe, Shangazi."

Kaka, miaka yote ya kikundi cha akina mama, maneno yote marefu ninayoyajua, hayakuja. Nilisema, "Mungu, niliwadanganya watoto hawa. Nikamdanganya kaka yangu huku anakufa. Sijui nikuombe nini. Naona aibu." Nikakwama hapo. Hakuna aliyeitikia. Wifi akasema, "Nami nilijua nikanyamaza, nami naona aibu." Mwanao alivua kofia akaishika mkononi.

Nikadhani imekwisha na watu wataanza kuondoka. Ndipo Kitinda akasema, macho yake wazi.

"Mungu, ni mimi. Baba hakuwa amesafiri. Alikuwa ndani, na mimi nilijua. Shangazi simsamehe leo, usinilazimishe. Lakini nimechoka kukaa bila kuongea na wewe."

Vijana wakaitikia Amina. Nami nikaitikia, kwa sauti ndogo kuliko wote, sala iliyonikataa.

Kijana unayesoma haya ukiwa na zito lako, sisi si watu wa kukufundisha kuomba, tumeonyesha tulivyo. Tunakwambia tu tulichokiona. Usingoje hasira iishe ndipo uende kwa Mungu, wala usingoje ujisikie msafi. Na mtu mzima akikwambia kuna jambo lisilofaa kusemwa mbele zake, hata mtu huyo akiwa shangazi yako mwenye cheo kanisani, usimsikilize.

Kaka, wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye ameliondoa lile pazia na hajaweka jingine. Ni mwanao mkubwa, fundi bomba. Ni vijana wako wa Jumamosi, waliorudi na ambao bado. Ni mimi dada yako, ambaye sina la kujitetea. Kitinda nilimwuliza nimwandike vipi, nikitumaini kidogo, maana mimi ni binadamu. Alinijibu bila kugeuka.

"Andika bado nina hasira. Na andika ninaomba."

Nimeandika yote mawili. Hatutakusahau kamwe, Kaka.